Kocha Asiyeuliza Habari za Ukoo na Pesa

Matangazo ya semina hayaishi siku hizi. Ukifungua simu asubuhi unakutana nayo: picha ya mtu aliyekunja mikono kifuani, suti imemkaa, na maandishi ya dhahabu yanayokuita ujifunze kupatanisha kazi na maisha yako. Mahali ni ukumbi wa hoteli. Siku ni Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, chai na chakula cha mchana vimo kwenye kiingilio. Mtu aliyeshinda kazini Jumatatu mpaka Ijumaa anaombwa atoe na Jumamosi yake ili afundishwe kupumzika. Sicheki. Kumbi zinajaa kwa sababu watu wamechoka kweli.

Mimi mwenyewe naishi kwa kazi ya ukocha, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye ofisi za rasilimali watu, kwa hiyo sina haja ya kuwapiga mawe wenzangu. Ugomvi wangu ni na jambo moja. Sehemu kubwa ya tunachofundisha imetungwa kwa ajili ya mfanyakazi ambaye akitoka ofisini, muda uliobaki ni mali yake. Anaweza kwenda kukimbia ufukweni, kusoma kitabu, kulala. Mfanyakazi wa namna hiyo yupo hata Dar es Salaam, ila si yeye anayejaza kumbi. Anayejaza kumbi ni yule ambaye akifunga kompyuta anaingia zamu ya pili: kuna nguo anazouza mtandaoni, kuna kuku Chanika, kuna kamati ya harusi ya binamu, kuna mama aliyelazwa Tanga, kuna ada ya mdogo wake wa mwisho. Kocha anayemwambia aache kazi ofisini arudi nyumbani akapumzike anamtuma kulekule anakochokea.

Ukocha wa kazi si elimu ya siku nyingi. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, aliandika kitabu kilichodai kwamba mpinzani mkubwa wa mchezaji yumo kichwani mwa mchezaji mwenyewe, na kwamba mwalimu akipunguza maelekezo na kumfanya mwanafunzi aangalie anachofanya, mwanafunzi hujirekebisha. Muingereza John Whitmore, ambaye ujanani alikuwa dereva wa mashindano ya magari, aliipeleka fikra hiyo kwenye makampuni, na kitabu chake cha mwaka 1992 kikaeneza mpangilio wa hatua nne ambao kila kocha anaujua: unataka nini, hali ikoje sasa, njia zipi zipo, utafanya nini na lini. Mwaka 1995 Thomas Leonard, aliyekuwa mshauri wa mambo ya fedha huko Marekani, akaanzisha shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, ambalo hutoa vyeti vya ngazi tatu kulingana na saa za kazi: 100, 500 na 2,500. Vyeti hivyo ni vya hiari. Ukocha haulindwi na sheria kama udaktari au uwakili. Ukiamka kesho ukajiita kocha, hakuna atakayekuuliza leseni.

Asili hiyo inaeleza nguvu ya ukocha na udhaifu wake kwa pamoja. Uwanjani mchezaji ana raketi mkononi, na mpira ukija ni yeye anayeamua aupige vipi. Maswali ya kocha yanafanya kazi kwa sababu anayeulizwa ana madaraka juu ya jibu. Sasa mwulize swali hilohilo karani ambaye ratiba yake hupangwa na mtu mwingine, mshahara wake una makato ya mkopo mpaka mwaka kesho kutwa, na usiku wake una mtoto anayeumwa. Utafanya nini na lini? Atakutazama.

Ushahidi wa kitafiti upo, na unasema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia madaktari 88. Nusu yao walipata kocha kwa njia ya simu: vikao sita, jumla ya saa tatu na nusu tu. Nusu nyingine walisubiri. Baada ya miezi mitano, idadi ya waliochoka vibaya kihisia ilishuka kwa asilimia 19.5 katika kundi la waliopata kocha, na ikapanda kwa asilimia 9.8 katika kundi lililosubiri. Kwa saa tatu na nusu, hayo si matokeo ya kubeza. Makocha wengi huunukuu utafiti huu, nami naunukuu. Wanachokiruka ni nusu yake ya pili: kuridhika na kazi hakukubadilika kwa kiwango cha kuhesabika, wala ule ubaridi wa daktari kwa wagonjwa wake haukupungua tofauti na wenzake. Madaktari walijisikia nafuu. Kazi ilibaki ileile.

Miaka mitano baadaye, William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 za Uingereza. Aliwalinganisha waliohudhuria mafunzo ya ustahimilivu, ya kutuliza akili, ya kupanga muda, na waliotumia programu za afya ya akili kwenye simu, na wenzao wa taasisi zilezile ambao hawakuhudhuria. Hakuona waliohudhuria wakiwa na hali bora. Isipokuwa kwa kazi za kujitolea, ambako kulikuwa na nafuu kidogo, mafunzo yanayomlenga mtu mmojammoja hayakuacha alama. Takwimu zake zilichukuliwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu anaweza kubisha kwamba huenda waliohudhuria ndio waliokuwa hoi tangu mwanzo. Hata hivyo, nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja, tofauti naiona. Madaktari wa Mayo walikaa na mtu mmoja aliyewauliza habari za maisha yao hasa, wakachagua wenyewe wanachotaka kubadilisha, na ni watu wenye madaraka makubwa kuliko mfanyakazi wa kawaida. Wafanyakazi wa Uingereza wengi walipewa dawa moja kwa wagonjwa wote.

Neno ninalolirudia hapa, madaraka, lina historia yake. Mwaka 1979 Robert Karasek, akitumia takwimu za Marekani na Sweden, alionyesha kwamba kazi nyingi peke yake si ndiyo inayomvunja mtu. Kinachomvunja ni kazi nyingi pamoja na kukosa usemi juu ya namna ya kuifanya. Meneja mwenye kazi ya kutisha lakini anayepanga siku yake mwenyewe huhimili kuliko mhudumu wa kituo cha simu anayehesabiwa dakika za kwenda msalani. Kwa hiyo swali la kwanza la kocha lisiwe "unafanya kazi saa ngapi?" Liwe "katika hizo saa, zipi unaziamua wewe?"

Saa zenyewe nazo haziachwi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 mpaka 40, hatari ya kiharusi inapanda kwa takriban asilimia 35. Na hapa kwetu ni nani anayejumlisha saa zote? Ofisi inahesabu zake. Duka la jioni halimo kwenye karatasi yoyote.

Uchovu wenyewe tunautambua kwa kuchelewa. Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, ila likasema wazi kwamba huo ni hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Lilitaja sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi lolote la maana. Mfanyakazi wa kwetu hazungumzi hivyo. Anasema mwili unauma, kichwa kinagonga, mgongo, vidonda vya tumbo. Anaenda zahanati anapimwa malaria, typhoid na mkojo. Majibu yanakuja safi, anapewa dawa za maumivu, wiki mbili baadaye yuko palepale kwenye benchi. Siwalaumu wahudumu, foleni ni ndefu na hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba mtu hajalala vizuri tangu Ramadhani. Mfanyakazi akifika kwa kocha ameshatumia hela ya vipimo, na ameshaanza kuamini kwamba kuna mtu anamchezea.

Nichukue mfano mmoja, nikibadilisha mambo kadhaa ili mhusika asitambulike. Ni mhasibu wa kampuni ya usambazaji, mama wa watoto wawili, anaishi Mbezi. Kampuni ndiyo iliyomleta. Alikaa, akavua viatu chini ya meza, akaniambia, "Dada, tatizo langu ni kazi tu. Bosi wangu hajui saa."

Nilimwomba afungue simu na anisomee majina ya makundi yake ya WhatsApp, asifungue hata moja. Akaanza kwa haraka, kisha akapunguza mwendo. Idara ya Fedha. Fedha na Mauzo. Ukoo wa babu upande wa baba. Watoto wa mama, bila mama. Wazazi darasa la nne. Kikoba. Jumuiya. Waliosoma naye kidato cha sita. Kamati ya harusi ya binamu. Kamati ya sendoff ya binamu huyohuyo. Rambirambi za jirani. Mafundi wa kiwanja Goba. Alipofika hapo akacheka peke yake.

"Humo ndani, wewe ni nani?" nikamwuliza.

"Vipi, dada?"

"Una cheo gani?"

Akanyamaza kidogo. "Kikoba mimi mhazini. Harusi mhazini. Ukoo… nao mimi ndiye ninayetunza za misiba. Si wanajua mimi mhasibu? Watamwamini nani mwingine?"

Hapo ndipo kikao kilipoanza hasa. Mchana anafunga hesabu za kampuni. Usiku, watoto wakishalala, anafunga hesabu za ukoo: analinganisha picha za miamala na orodha ya ahadi, anajibu "nimetuma, naomba uniongeze kwenye orodha", anamkumbusha mjomba kwa heshima kwamba ahadi yake ya Machi bado. Kazi ileile, kiti kingine, bila mshahara na bila likizo. Akikosea shilingi elfu ishirini kazini, atapata barua. Akikosea elfu ishirini za msiba, jina lake litazungumzwa mpaka kijijini. Mtu huyu angepelekwa kwenye mafunzo ya kupanga muda angefaulu kwa alama za juu. Muda ameshaupanga vizuri kuliko mkufunzi, na ndiyo sababu kila mtu anampa kazi.

Ushauri unaotolewa kwa wepesi katika hali kama hii ni "jifunze kusema hapana". Naupinga, walau kwa namna unavyotolewa. Michango na kuonekana kwenye shughuli za watu si anasa, ndiyo bima ya walio wengi. Mfanyakazi wa kwetu akiuguliwa, akifiwa, akipoteza kazi, wanaofika kwanza ni haohao wa kwenye makundi. Asiyeonekana misibani kwa watu, siku ya msiba wake mkeka unabaki mtupu, na hilo kila mtu analijua tangu utotoni. Kumwambia ajitoe ni sawa na kumwambia aache kulipia bima kwa sababu makato yanamchosha. Kocha aliyekulia kwenye vitabu vya wageni hulitazama jambo hili akaona mtu asiye na mipaka. Mimi naona mtu mwenye hesabu nzuri ambaye amebebeshwa sehemu isiyo yake.

Kwa hiyo tulitenganisha kutoa na kutumikia. Kutoa aliendelea nako, ila kwa fungu lililotengwa mwanzo wa mwezi. Harusi ya ndugu wa damu ina kiwango chake, ya rafiki ina chake, na fungu likiisha anasema "mwezi huu nimeshafika, nitashika zamu mwezi ujao". Kauli hiyo watu huikubali kuliko kukataa. Kutumikia ndiko kulikopunguzwa. Uhazini wa harusi alimkabidhi mdogo wa bibi harusi, kijana aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi, mwenye muda na mwenye haja ya kuaminiwa. Wa ukoo ulichukua miezi kuuacha. Ilibidi kikao cha ndugu, na shangazi mmoja alinuna. Kikoba alikataa kukiacha. Alisema ndicho kilichomjengea msingi Goba na anakifurahia. Sikumbishia. Jambo linalomchosha mtu na kumpa nguvu kwa pamoja si la kocha kuliondoa.

Mama yake naye alikuwa mgonjwa, na suala hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu si la makaratasi. Watoto wa mama huyo ni wanne, na kila mmoja aliamini kwamba anatoa kuliko wengine. Nilichofanya ni kumsaidia aandike nani analipa nini, nani anasafiri lini, nani anapigiwa simu na daktari. Ikaonekana kwamba pesa ilikuwa inagawanyika vizuri, ila simu zote za hospitali zilikuwa zinaingia kwake. Kaka yao wa Arusha alipoonyeshwa orodha akasema, "Mbona hamkuniambia?" Namba iliyokuwa kwenye faili la mgonjwa ikabadilishwa ikawa yake. Jambo dogo kiasi hicho.

Kisha kukabaki kazi yenyewe, na hapo bosi hakusalimika. Msaidizi wa mhasibu huyo alikuwa ameacha kazi mwaka uliotangulia na nafasi haikujazwa. Kila mwisho wa mwezi, kwa wiki nzima, alitoka ofisini saa tatu usiku na alitakiwa kuwepo saa mbili asubuhi. Hilo si suala la saikolojia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Yeye alikuwa anapata 11, na ndani ya hizo 11 kuna Barabara ya Morogoro kwenda na kurudi. Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Kazi ya ziada ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo, na likizo ya mwaka ni siku 28. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, likizo ni siku 21 za kazi.

Nashangaa jinsi makocha wengi wasivyozijua namba hizi. Wanaweza kukueleza aina tisa za haiba lakini hawajui mteja wao anadai likizo ya siku ngapi. Kuna kifungu kimoja hasa ambacho kila anayekaribia kupandishwa cheo angepaswa kukisoma: masharti hayo ya saa za kazi hayamhusu mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa juu. Maana yake ni kwamba siku unaposherehekea umeneja, ndiyo siku ambayo kinga ya saa 45 inaweza kukutoka. Nimeona watu wakiongezewa laki mbili na kupoteza malipo ya ziada ya laki nne, kisha wakaja kuniuliza kwa nini cheo hakijawaletea furaha. Cheo kijadiliwe kwa karatasi na kalkuleta kabla ya keki kukatwa.

Simu ni suala la peke yake. Ufaransa ilianza Januari 2017 kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Kenya, Seneta Samson Cherarkey wa Nandi alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2022, waajiri wakaupinga. Kwangu mimi, wakati sheria zikisubiriwa, makubaliano ya idara moja yanaokoa watu wengi zaidi. Ninalopendekeza ni jepesi: cha dharura kipigiwe simu, ujumbe ungoje asubuhi. Mabosi wengi hukubali upesi kuliko unavyodhani, kwa sababu wengi wao hutuma ujumbe saa nne usiku ili wasisahau, si kwa kutaka jibu. Ni mfanyakazi anayedhani anaulizwa. Wako pia wanaotaka jibu hilo usiku huohuo, na hao hawabadilishwi na kocha wa mfanyakazi. Hao ndio wanaohitaji kocha wao.

Mhasibu yule aliandika barua ya ukurasa mmoja, bila malalamiko: tarehe, saa ya kutoka, kazi iliyofanyika, na ombi la mtu wa kusaidia wiki ya mwisho. Hakujaziwa nafasi. Alipewa kijana wa mafunzo kwa vitendo kwa siku tano za kila mwisho wa mwezi, na sasa anatoka saa kumi na mbili na nusu jioni. Ni nusu ya alichostahili. Kampuni iliandika kwenye taarifa yake ya mwaka kwamba inajali ustawi wa wafanyakazi.

Kuna mtu mwingine kwenye hadithi hii ambaye hatukumtaja mpaka sasa. Mwaka 1989 mwanasosholojia Arlie Hochschild wa Marekani aliandika juu ya zamu ya pili ya wanawake walioajiriwa: wanarudi kutoka kazini kuanza kazi ya nyumba. Kwetu zamu hiyo sehemu kubwa anaifanya dada wa kazi. Mama anaweza kutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa sababu kuna binti aliyeamka saa kumi kuwasha jiko. Mama akichelewa, binti naye amechelewa kulala. Kila ninapomsaidia mteja kupata jioni yake, namwuliza dada anapumzika siku gani. Mara nyingi jibu ni "Jumapili akitaka kwenda kanisani", maana yake saa tatu. Huyo naye ni mwajiriwa kwa sheria ileile, na mwajiri wake ndiye huyu aliyekaa mbele yangu akimlaumu bosi asiyejua saa. Swali hilo halinipatii wateja wengi. Wanaume nawauliza lingine: watoto wakiumwa usiku, anayeamka ni nani? Sheria inampa baba siku tatu za likizo ya uzazi. Nimewahi kukutana na mameneja ambao hata hizo tatu hawakuchukua, na wakanieleza hivyo kwa fahari.

Sasa, kama kampuni yako imekutafutia kocha, kabla ya kikao cha kwanza uliza anayelipa atapewa taarifa gani. Maadili ya taaluma hii yanataka makubaliano hayo yawe wazi kwa pande zote tatu, mlipaji, kocha na wewe, na kwamba unayoyasema kikaoni ni siri isipokuwa kwa yale mliyokubaliana. Kocha akijibu kwa mafumbo, zungumza naye habari za mpira. Uliza pia atafanya nini ikionekana kwamba tatizo liko kwa mwajiri. Wapo wanaolipwa kukufanya uvumilie; wanaiita kukujenga. Kampuni inayokuletea kocha huku ikiacha nafasi tatu wazi idarani mwako inanunua kitu cha bei nafuu mahali pa kitu cha bei ghali.

Na kuna mahali ambapo kocha anatakiwa kusimama. Mtu asiyelala kwa majuma, asiyekula, aliyeanza kunywa ili apate usingizi, au anayezungumzia kifo chake kwa utulivu, huyo si wa lengo na njia na lini. Huyo ni wa daktari, leo, si kikao kijacho. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, na hospitali za mikoa zina mahali pa kuanzia. Kocha anayemng'ang'ania mtu wa namna hiyo kwa sababu ameshalipia vikao kumi anafanya jambo la hatari.

Swali la bei nalo naulizwa sana. Bei zimetofautiana mno kiasi kwamba kutaja moja ni kupotosha, ila idadi ya vikao naweza kuisemea. Wale madaktari wa Mayo walipata nafuu kwa vikao sita. Wateja wangu wengi, ikiwa tumeanza na makundi ya simu na daftari la matumizi badala ya ndoto za miaka mitano, hawavuki hapo. Anayekuuzia kifurushi cha mwaka mzima mwulize mwezi wa saba atakuwa anafanya nini nawe ambacho hakikuwezekana mwezi wa pili, na mwambie akuandikie jibu.